Fosfeti ya Doushantuo: maji ya kilindini au matope?

Miamba ya fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni) ya Doushantuo, kusini mwa China, iliyowekwa baharini takriban miaka milioni 635 hadi 551 iliyopita, huelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza, iliyotolewa na mwanajiolojia wa Kisovieti Kazakov mwaka 1937, inasema kwamba maji baridi ya kilindini, yenye fosforasi nyingi, hupanda hadi penye kina kifupi na kuiacha huko. Inaeleza vizuri fosforasi ilikotoka, lakini si jinsi ilivyorundikana.

Ya pili huanzia ndani ya matope. Penye oksijeni, oksidi za chuma huinasa fosfeti. Zikifukiwa pasipo oksijeni, chuma huyeyuka na kuiachilia, huku bakteria wanaoozesha mabaki ya viumbe wakiongeza nyingine, mpaka maji yaliyo kati ya chembe za mashapo yanajaa kiasi cha kuunda apatiti, madini ya fosfeti yanayojenga miamba hii. Naegemea maelezo haya, kwa kuwa huko Weng'an, eneo mojawapo lenye miamba hii, apatiti ilihifadhi hata seli za visukuku vidogo mno vinavyofanana na viinitete vya wanyama, jambo linalodai fosfeti iwe tele papo hapo, kabla ya kuoza. Hata hivyo, leo kwenye pwani ya Namibia, ambako bakteria mkubwa aitwaye Thiomargarita huachilia fosfeti matopeni, maji ya kilindini nayo hupanda.