Jumamosi nne za Zaburi: tathmini ya semina moja mjini Goma

Kwa Jumamosi nne mfululizo nilihudhuria semina ya mashairi ya Biblia katika ukumbi wa parokia moja hapa Goma, ambako ada ya faranga elfu kumi ilijumuisha kijitabu cha fotokopi na chai ya saa nne. Mada ilikuwa milima, maji, miti na wanyama katika mashairi hayo, na maana yake kwa mwamini. Naandika kwa ajili ya wanaofikiria kujiandikisha katika awamu ijayo.

Sifa kuu ya semina hii ni kwamba mwalimu hakuturuhusu kukimbilia mahubiri kabla hatujaiona nchi ya mshairi mwenyewe. Ayubu, katika sura ya 6, anawafananisha rafiki zake na kijito, na msomaji asiyeijua nchi ile aweza kudhani anawasifu. Kumbe vijito vya huko hufurika wakati wa mvua na kukauka joto linapofika, hata misafara ya Tema na Sheba iliyovitumainia ikaaibika. Hapo mama mmoja aliyeketi mbele yangu alisema kuwa hayo si mageni kwake: tumekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, lakini mawe yetu ya volkano yanameza mvua yote, na watoto wake wanashinda wakibeba mabidoni ya maji. Kiu ya ayala, mnyama afananaye na paa, wa Zaburi ya 42, akaongeza, ni kiu ya mtu anayejua maji yaliko na bado hajayafikia. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaandika maneno hayo ubaoni, nami nikaona ada yangu imekwisha kurudi.

Nilinufaika vilevile na somo la Zaburi ya 1. Neno la Kiebrania linalotumika kwa ule mti wa kando ya maji humaanisha mti uliohamishwa na kupandikizwa, wala si uliojiotea. Nimeisoma Zaburi hiyo tangu utotoni nikidhani mwenye haki anasifiwa kwa nguvu ya mizizi yake, kumbe kuna mkono uliomtoa mahali pengine na kumleta penye maji. Zaburi ya 29, ambamo sauti ya Bwana inatajwa mara saba na kuvunja mierezi ya Lebanoni, tuliipitia vizuri ingawa kwa haraka. Wibari wa Zaburi ya 104 alituchekesha, maana wengi tulimjua kwa jina la pimbi tu.

Lawama yangu inahusu mlima. Zaburi hiyohiyo ya 104 yasema kwamba Mungu akiigusa milima inatoka moshi, na ya 97 kwamba milima iliyeyuka kama nta mbele zake. Hayo yalisomwa katika mji ambao tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliupasua katikati hadi ziwani, ikaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na ambao tarehe 22 Mei 2021 uliishuhudia ikishuka tena mpaka Buhene, pembezoni mwake. Kijana mmoja aliuliza: «Mwalimu, ule moto ulikuwa hasira ya Mungu juu yetu?» Mwalimu alitazama saa, akaahidi kwamba tutalirudia swali hilo, na hatukulirudia. Kwa maoni yangu jibu lilikuwa mezani. Mstari ule wa moshi umo ndani ya wimbo wa sifa, jirani na mistari ya simba wanaolishwa na ndege wanaojenga viota, wala hautaji mji wowote ulioadhibiwa. Na Zaburi ya 46 inaiona milima ikitikisika na kuanguka moyoni mwa bahari bila kumlaumu mtu, ikisema tu kwamba hatutaogopa. Waumini waliolala nje kwa sababu ya lava walistahili kuelezwa hayo kwa utulivu, hata kama somo la umande wa mlima Hermoni, wa Zaburi ya 133, lingefupishwa.

Mengine ni madogo. Fotokopi zilikuwa hafifu kiasi kwamba herufi za Kiebrania zilifanana na madoa, na mara mbili tulianza kwa kuchelewa saa nzima. Chai ilikuwa nzuri, mandazi hayakututosha. Hata hivyo nitajiandikisha tena, na anayetaka kujiunga abebe Biblia yake, aketi mbele, na aulize la mlima mapema, kabla ya saa nne.