Kayamba Ndani ya Mario: Bendi ya Muziki wa Gemu Niliyoikuta Malindi

Sikilizeni hii kwanza, kabla sijasema lolote. Tsss-tk. Tsss-tk-tk. Tena. Tsss-tk. Tsss-tk-tk. Nani ameitambua? Wewe uliyekulia na ile mashine ya kaseti, ile ya kuchomeka nyuma ya televisheni ya mzee, najua umeshaitambua na vidole gumba vimeanza kuwasha. Hiyo ni Super Mario, hatua ya kwanza kabisa. Na hiki nilichoshika ni kayamba. Kayamba hili hili la matete tunalolipigia harusi.

Karibuni tena ndugu zangu, niko Malindi, nyumbani Barani, na wiki hii nilikuwa nimewaahidi uchambuzi wa zile spika ndogo za bluetooth. Spika zitangoja. Ijumaa usiku nimeona kitu, na tangu Ijumaa sijalala vizuri.

Kwa kifupi: bendi ya watu watano, vijana wa hapa hapa, wanapiga muziki wa gemu jukwaani, mubashara. Fidla, kinanda, gitaa la besi, ngoma na kayamba. Jina bado hawana, niliwauliza walipomaliza, wakaniambia wanabishana. Kiingilio shilingi 300. Nilipoisikia hiyo bei nilisita, wallahi, maana kwenye kibanda cha PlayStation mtaani mechi moja ni shilingi 20, hiyo 300 ni jioni nzima ya mpira. Nikaenda kwa sababu binamu yangu alishanilipia. Shikeni hiyo bei, tutairudia.

Sasa nikae kwenye kayamba, kwa sababu hapa ndipo penye mambo.

Ile mashine ya zamani ya Nintendo, ile Wajapani waliyoiita Famicom, ilitoka 1983 na ilikuwa na njia 5 tu za sauti. Mbili ni za ile sauti kali ya kuimba. Moja ni nene, ya besi. Moja ni ya kelele tupu, kama redio iliyopoteza stesheni: chhhh. Na ya mwisho ni ya vipande vilivyorekodiwa. Basi. Mchezo mzima wa Mario wa 1985, picha zake, hatua zake zote, na muziki wote aliotunga Koji Kondo, umeingia kwenye kilobaiti 40. Hiyo picha ya jalada mliyobofya ili kufungua video hii ni nzito kuliko huo mchezo.

Ngoma mle hamna. Hakukuwa na nafasi ya ngoma. Walichofanya ni kuichukua ile kelele wakaikatakata: kipande kifupi, kipande kirefu, kifupi, kifupi. Ikawa mdundo. Na kuna mtu hapa Malindi alikaa akaisikiliza, akajiambia: hili mbona ni kayamba?

Angalieni mikono yangu. Ngoja nisogee kwenye mwanga. Kayamba nimeliazima kwa shangazi, kwa hiyo nalishika kwa adabu. Likiwa sawa hivi, mbegu zimelala. Ukiliinamisha taratibu, mbegu zinateremka ndani ya matete yote kwa pamoja: tssssss. Hiyo ni ndefu. Ukilirudisha kwa ghafla: tss! Fupi. Na kidole gumba kikigonga hapa katikati: tk. Umeshapata njia nzima ya kelele ya Famicom kwenye mikono miwili, bila umeme.

Lakini hapo bado. Kwenye gemu lenyewe, Mario akipasua tofali kwa ngumi, mlio wa tofali unatoka kwenye njia ile ile ya kelele. Na njia moja haiwezi kutoa vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mdundo unanyamaza, tofali linapasuka, mdundo unarudi. Tumelisikia hilo utoto mzima wala hatukulijua! Sasa pale jukwaani kuna kijana wa sita, yeye hapigi chombo, amekaa kitini na kidhibiti mkononi anacheza Mario, na projekta inaonyesha kwenye ukuta mweupe nyuma yao. Bendi inamfuata yeye. Akipasua tofali, dada wa kayamba, amejifunga leso kiunoni, macho kwenye ukuta, anaukata mdundo, tshk! analipasua tofali kwa kayamba, anarudi pale pale alipouacha. Mwenye fidla akiona Mario anaruka, anaitupa noti aliyokuwa nayo, anateleza kidole juu ya waya, wuiip, anarudi. Mario akiokota sarafu, mlio wake ni wa kinanda. Yaani wanapiga wimbo na wakati huo huo wanauvunja, kama mashine ilivyokuwa ikiuvunja.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Watoto waliokuja na viazi karai walikuwa wameshika viazi hewani, ukwaju unawachuruzika mikononi.

Halafu yule kijana wa kidhibiti akafanya ujanja. Akamsimamisha Mario karibu na bendera ya kumalizia hatua, akaacha saa ya gemu ishuke. Mnakumbuka ikifika 100 inakuwaje? Ule mlio mfupi wa kukuonya, halafu muziki ule ule unarudi kwa kasi. Tukaanza kuhesabu kwa sauti, ukumbi wote, mia na tatu, mia na mbili, mia na moja, na ilipofika mia wale watu watano wakaruka kwenye kasi mpya kwa pamoja kana kwamba wamefungwa kamba moja. Kayamba kwa kasi ile! Jaribuni nyumbani. Mimi nimejaribu siku tatu, mkono unaishia kiwiko.

Haya, kabla sijasahau, habari za chaneli. Video sasa zitakuwa zinatoka Jumamosi asubuhi, si Ijumaa tena, kwa sababu Ijumaa usiku mtandao wa mtaani kwetu unasinzia na kupandisha video kunanichukua mpaka alfajiri. Na wale mlioandika kwamba sauti ya video iliyopita ilikuwa na upepo, ni kweli, nilirekodi ufuoni na kusi imekaza. Ndiyo sababu hata ya Ijumaa siwawekei. Nilirekodi kwa simu, nimesikiliza, ni upepo mtupu na watu wakipiga makofi. Nisingependa muihukumu bendi kwa sauti ile.

Tuendelee. Najua kuna watakaoniuliza kuhusu bendi za nje. Nimezifuata miaka. Bit Brigade wa kule Athens, jimbo la Georgia Marekani, wanafanya hili hili: mtu anacheza gemu kwa kasi ya ajabu na bendi inampigia roki nyuma yake. The 8-Bit Big Band ni kundi kubwa la jazi, tarumbeta na fidla tele, walichukua tuzo ya Grammy mwaka 2022. Wamepikika kuliko hawa wetu, nalikubali. Lakini magitaa ya umeme yanaifunika ile njia ya kelele, na seti kubwa ya ngoma inaigeuza kuwa kitu kingine. Hawa wa Malindi wameifikia mashine yenyewe. Na ukiwalinganisha na bendi zetu za hotelini, zenye nyimbo zile zile sita za kumkaribisha mgeni, hakuna mjadala.

Sasa malalamiko, maana ninayo, na yananiuma kwa sababu ninawapenda. Fundi wa sauti aliweka maikrofoni kwenye kila kitu, mpaka kwenye ngoma ambayo ingesikika hadi gatini bila msaada. Kwenye kayamba hakuweka. Hata moja! Nyimbo mbili za kwanza nilikuwa nimekaa nyuma kulia na nilikuwa namwona yule dada anatikisa, simsikii. Nikahama, nikaenda kukaa chini mbele kushoto, miguu kwenye mchanga, na hapo ndipo onyesho langu lilipoanza. Waliobaki nyuma waliona onyesho lingine kabisa. Jamani, maikrofoni moja ndogo, isogezeni pale.

Tetris ilinichanganya. Ule wimbo wa Tetris, gemu la kupanga vipande vinavyoanguka, wa Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, 1989, ni wimbo wa kale wa Kirusi kuhusu wachuuzi, na hapa mwenye fidla aliweka fidla chini akatoa chivoti, filimbi ya Wamijikenda. Chivoti ina matundu yake na sauti zake, haikubaliani na kinanda. Mwanzo nilikunja uso. Mzunguko wa pili nikaona mwenye kinanda ameinua mikono, amewaachia chivoti na besi peke yao, na ghafla wimbo ukawa wa mchuuzi wa hapa, anashuka kutoka Ganda na kikapu chake. Kwa hiyo nafuta nililoandika kwenye ukurasa wangu usiku ule. Niliandika kwamba chivoti ilikuwa kosa. Haikuwa.

Space Invaders, lile gemu la kale la kupiga maadui wa angani, walipiga kwa ngoma ya bumbumbu na besi tu: noti nne zinazoshuka, zinazidi kasi kadiri maadui wanavyokaribia, kama ilivyokuwa 1978. Dakika mbili. Safi.

Na Baba Yetu. Hii ndiyo niliyoiendea. Mnajua hadithi yake: Christopher Tin, Mmarekani, aliitunga kwa ajili ya gemu la Civilization IV mwaka 2005, maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Lugha yetu! Nilitaka sana iwe kilele. Ila ule wimbo umeandikiwa kwaya, unaita na kuitikiwa, na hawa walikuwa na mwimbaji mmoja, mwenye besi, sauti nzuri lakini peke yake. Alipoita, hakuna aliyemwitikia. Kina mama wawili mstari wa tatu walianza kuitikia kwa chini, wakatuona tunawageukia, wakanyamaza. Nikiwa mimi ndiye kiongozi wa bendi ningewafuata wale kina mama kesho yake asubuhi, nikawaomba kwa heshima zote, na kwaya nzima wanayoijua waje nayo.

Ile bei sasa. Shilingi 300, walichelewa kuanza kwa saa moja na nusu, viti havikutosha, nusu ya ukumbi haikusikia kayamba. Ningelipa 500. Ningelipa 500 na kukaa mchangani.

Wameniambia watapiga tena mwezi ujao, wakikubaliana na mwenye ukumbi. Tarehe nikiipata naiweka hapo chini ya video, kwa hiyo jisajili na uwashe kengele. Ukienda, kaa kushoto.

Ngoja sasa, kabla sijazima kamera. Kuna ule moto wa Bowser, adui mkuu wa Mario, nao unatoka kwenye njia ya kelele, na yule dada aliupiga kwa kuliinamisha kayamba polepole, polepole mno, mpaka mbegu ya mwisho. Nadhani nimeanza kuushika. Tsssssssss… hapana, zimewahi kushuka. Tena.