Uzoefu wangu na kamusi ya Jisho: neno "sekkaku"

Ninajifunza Kijapani katika kiwango cha N3, ambacho ndicho cha katikati miongoni mwa ngazi tano za JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani kwa wageni, na kamusi ninayoitumia zaidi ni Jisho, inayopatikana bure kwenye intaneti. Msingi wake ni JMdict, mradi wa kamusi ya Kijapani ya kompyuta ulioanzishwa na Jim Breen mwaka 1991, na sentensi zake nyingi za mifano hutoka Tatoeba, mkusanyiko wa sentensi na tafsiri zake ulioko kwenye intaneti. Neno lililonifanya niithamini kamusi hii ni sekkaku.

Fasili zake, ambazo zote ni za Kiingereza, zinataja taabu na juhudi, kisha kitu adimu chenye thamani, kisha hisani. Kwa orodha hiyo pekee ni vigumu kuona jambo linalozifunga pamoja maana hizo. Mimi niliona nilipoanza kusoma sentensi, moja baada ya nyingine, nikiangalia neno linafuatwa na nini. Likifuatana na noni ("ingawa"), lina masikitiko: "Sekkaku tsukutta noni, dare mo tabenakatta" ni kauli ya mtu aliyejitahidi kupika, na asiwepo hata mmoja wa kula. Likifuatana na kara ("kwa kuwa"), linahimiza, kama tunavyosema kwamba madhali tumeshafika Kyoto, basi tuyatembelee na mahekalu yake. Na matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni "sekkaku desu ga", maneno yanayotangulia kukataa mwaliko, ambapo anayekataa hukiri kwanza wema wa aliyemwalika. Kote humo kuna juhudi au nafasi ambayo haistahili kupotea bure.

Fasili fupi hazitoshi, hata hivyo, kulitenganisha neno hili na wazawaza, ambalo hukitazama kitendo chenyewe cha mtu kujisumbua pasipo lazima, wala kulitenga wazawaza na wazato, ambalo ni kufanya makusudi, mara nyingi kwa nia isiyo njema. Kwa tofauti za namna hiyo ninashauri mwanafunzi amwulize mwalimu, au afungue kamusi ya Kijapani kwa Kijapani.

Sekkaku huandikwa mara nyingi kwa hiragana, herufi za Kijapani zinazoonyesha matamshi, lakini ukilikuta kwa kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, 折角, na hujui linavyosomwa, Jisho inakuruhusu kuzitafuta herufi hizo kwa kuchagua vipande vinavyoziunda. Kwa anayesoma vitabu vya karatasi, huduma hiyo ni muhimu mno.