Chati ya damu niliyonunua Mwanjelwa: juu safi, chini ina kazi

Nimeinunua kwenye duka la vifaa vya shule karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, shilingi 7,000 baada ya kubembeleza. Nimeibandika juu ya benchi la kliniki ya wajawazito, kwenye zahanati ninayofanyia kazi upande wa Rungwe. Kina mama wakiwa kwenye foleni husoma chochote kilicho ukutani, hata kalenda ya mwaka juzi.

Nusu ya juu naipa alama zote. Wamechora kichupa cha damu iliyozungushwa kwenye mashine ikajitenga: juu plazima ya manjano, asilimia 55 hivi, chini chembe nyekundu, karibu 45, katikati utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Wameeleza kwamba plazima ni maji kwa asilimia 90 hivi, na kinachobaki ni protini, chumvi, sukari na taka. Chembe nyekundu inafanana na andazi lililobonyezwa pande zote mbili, na hawakuitia kiini. Hapo nawapongeza.

Nusu ya chini, inayoeleza damu inavyotengenezwa, ndiyo iliyonitoa jasho. Mfupa wa paja la mtu mzima wameujaza uboho mwekundu, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, toka juu hadi chini, wakati kwa mtu mzima sehemu kubwa ya mfupa ule ina uboho wa njano, mafuta matupu. Kiwanda chenyewe kimebaki kwenye nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo. Hata hivyo bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe alisimama pale akauliza, "Kwa hiyo, nesi, damu inapikwa mifupani, si moyoni?" Kwa swali hilo tu, hela yangu imerudi.

Figo hazipo kabisa! Figo ndizo zinazohisi oksijeni imepungua, zikamwaga homoni ya erithropoietini inayousukuma uboho uongeze chembe nyekundu. Sisi wa nyanda za juu, ambako oksijeni ni pungufu hewani, tungeanza na hilo. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi toka usawa wa bahari, na mtu mwenye afya anayeishi huko kwa kawaida himoglobini yake, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, huwa juu kidogo kuliko ya mwenzake wa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa.

Halafu kuna glasi ya rozela na bitiruti, na mshale unaingia moja kwa moja kwenye mshipa. Jamani! Wekundu wa juisi hauhusiani na wekundu wa damu. Uboho unataka madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12, na chembe moja huchukua kama wiki nzima kuiva kabla ya kuingia kwenye mzunguko, ikaishi siku 120 hivi. Mama mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, yaani aliyepungukiwa damu, akinywa rozela leo, kesho hatakuta tofauti. Glasi ile nimeibandikia karatasi, nikachora maini, dagaa na maharage, na pembeni nikaandika kwa kalamu nene: CHAI USINYWE PAMOJA NA CHAKULA WALA VIDONGE VYA DAMU. Chai huzuia chuma kisifyonzwe vizuri, na hapa Rungwe mashamba ya chai yametuzunguka, nani ataacha?

Ipo pia chati iliyofunikwa nailoni, bei yake imeizidi hii kwa shilingi 3,000. Kama unakaa kwenye mvua kama zetu, chukua hiyo.