Kitufe cha hakikisho kinachoniharibia ng'ombe

Nimetumia huduma hii ya matangazo ya mifugo kwa muda mrefu, na isingekuwa kitufe chake cha hakikisho ningeisifu bila kusita.

Muuza ng'ombe hawezi kuikwepa ritifaa, ile alama (') iliyo ndani ya neno lenyewe. Naandika kwamba nina ng'ombe wa maziwa, mtamba mwenye mimba ya miezi mitano, nabonyeza hakikisho nione tangazo litakavyosomeka, na ninacholetewa ni "ngâ€™ombe". Nikirudi kusahihisha nakuta uchafu huo umekwisha kuingia katika kisanduku cha kuandikia, na nikibonyeza tena kabla ya kuufuta, kila alama kati ya zile tatu inazaa nyingine, hata kufikia mara ya nne mnyama wangu ana mkia wa mstari mzima.

Mpwa wangu, ambaye kompyuta ndiyo kazi yake, alinieleza kwamba ritifaa iliyopinda, ambayo simu huiweka yenyewe mahali pa ile iliyonyooka, huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuweka maandishi kwenye kompyuta, nayo programu hii huzisoma kwa jedwali la zamani la herufi la Windows, kana kwamba kila baiti ni herufi kamili. UTF-8 ilibuniwa mwaka 1992. Ng'ombe nao hawakuanza jana.

Niliwaandikia wahusika, na baada ya siku kadhaa nikajibiwa: "Ndugu mteja, andika tu ngombe, utaeleweka." Sikulipa ada ili nifundishwe kukosea lugha yangu! Baadaye walitangaza kwamba hitilafu imeondolewa, na kweli ilinyamaza kwa muda, kisha programu iliposasishwa ikarudi vilevile.

Hata hivyo haki isemwe: mtamba yule aliuzwa kupitia tangazo hilohilo lililoharibika, tena kwa bei niliyoitaka, ingawa mnunuzi alipofika zizini aliniuliza kwa upole kama zile herufi ni jina la mbegu ya kigeni. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua kutoa nyota tatu.

Leo nimeandaa tangazo la mbuzi, neno lisilo na ritifaa, nikajiona mjanja. Hakikisho lilipita salama mpaka nilipoongeza kwamba mbuzi wenyewe wanapatikana ng'ambo ya daraja. Kati ya zile nyota tatu, mbili nimezichukua.