Swichi ya Wi-Fi ya mtumba kwa dola 140: nimeipenda, ila kwenye RADIUS inakuacha gizani

Nina miezi saba na swichi hii, kifaa cha kuunganisha vituo vya Wi-Fi, katika nyumba ya wageni ninayotunza mtandao wake hapa Lubumbashi, kwa hiyo ninaandika hasira zikiwa zimeshapoa. Niliinunua ya mtumba kwenye duka moja la mjini, dola 140, na dola 20 za kuja kuifunga. Noti yangu moja ilikataliwa kwa kampasuko ka pembeni, mambo yetu yaleyale, nikarudi kwa wabadili pesa wa barabarani kwanza.

Kama mashine, sina neno. Inapeleka umeme kwenye vituo 6 vya Wi-Fi kupitia waya uleule wa mtandao, haipigi kelele, haipati moto. Kilichonivuta ni kwamba inaongea na seva ya RADIUS, yaani kompyuta inayohakiki jina na neno la siri la kila anayeingia mtandaoni, kwa niaba ya vituo vyote. Zamani tulikuwa na neno la siri moja, hata muuza mikate wa getini alilijua. Sasa kila mgeni ana jina lake na neno lake, akiondoka namfuta. Na kwenye seva nasajili swichi peke yake, si vituo sita.

Shida ni ule ukurasa wa mipangilio ya seva. Kijana wa duka alikuja, akabonyezabonyeza, akaniambia, "Mzee, iko tayari." Jioni hakuna simu hata moja iliyoingia. Swichi inaandika tu: seva haijibu.

Kosa la kwanza nililiona mwenyewe. Poti, yaani namba ya mlango wa kuipata seva, ilikuwa 1645, ya enzi za zamani; FreeRADIUS, programu ya RADIUS kwenye seva yangu, inasikiliza 1812, na 1813 kwa kumbukumbu za matumizi. Nikabadilisha. Seva haijibu. Nikaijaribu kwa ping, ile amri ya kuuliza kama kifaa kipo hewani, inaitika vizuri. Nikazima swichi, nikawasha. Seva haijibu.

Saa tano usiku ndipo nikasimamisha FreeRADIUS na kuiwasha kwa mkono, freeradius -X, ikae inaandika kila inachopokea. Kumbe maombi yalikuwa yanafika! Seva ilikuwa inayatupa kwa sababu haimjui mtumaji. Swichi ina anwani mbili, moja ya usimamizi na moja ya upande wa wageni, na ilikuwa inatuma kwa ile ya wageni. Pa kuchagua anwani ya kutumia hapapo kwenye ukurasa. Nikasajili hiyo ya pili.

Likaja la tatu: siri ya pamoja kati ya swichi na seva hailingani. Niliitunga mimi, herufi 16. Kwenye ukurasa huwezi kuisoma, ni vidoti tu, basi nikavihesabu kwa kidole kwenye kioo: 17. Kijana aliinakili kutoka WhatsApp pamoja na nafasi tupu ya mwishoni. Nikaifuta, nikaiandika upya, simu yangu ikaingia papo hapo.

Nisiionee swichi. Siri ikikosewa, seva inalitupa ombi kimya bila kurudisha jibu, kwa hiyo swichi haiwezi kujua kama seva imekufa au imenuna. Lakini aliyetengeneza ukurasa anajua hilo, angeweka hata kamstari kamoja: kagua siri, kagua anwani. Na kitufe cha kuonyesha siri kingenipa usingizi wangu.

Saa za ndani ya swichi pia zilinichanganya. Zilikuja zimewekwa Kinshasa, na sisi tuko saa moja mbele, basi kumbukumbu za swichi na za seva hazikukutana mpaka nilipochagua Harare, yenye saa sawa na zetu. Asubuhi moja dada wa mapokezi alipokataliwa kuingia mtandaoni, hata hivyo, kosa lilikuwa langu. Seva yangu ni Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo, haina betri ya saa. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, intaneti ikachelewa, Pi ikabaki inaamini bado ni usiku. Nami nilikuwa nimewaruhusu wafanyakazi kuanzia saa moja asubuhi tu.

Mwenye vituo vinne au zaidi anunue, bei ni ya haki. Mwenye kimoja asijisumbue. Ufungaji wa duka msiulipie. Dola zangu 20 nimezidai mara mbili, kijana anasema bosi yuko Kolwezi.