Jumamosi za kusoma na wanachuo: maoni ya mzazi baada ya muhula mmoja

Kwa muhula mzima nimekuwa nikimpeleka binti yangu wa darasa la tatu kwenye masomo ya Jumamosi yanayoendeshwa bila malipo na chama cha wanafunzi wa isimu na fasihi wa chuo kikuu kimoja cha hapa Dar es Salaam, katika madarasa mawili ya shule ya msingi ya mtaani kwetu Mbagala. Nilikwenda nikiwa na shaka, kwa kuwa nimeshaona vikundi vya wasomi vikija na fulana mpya na bango refu, vikagawa madaftari, vikapiga picha na kuondoka kabla ya adhuhuri.

Siku ya kwanza binti yangu alisoma ukurasa mzima wa kitabu chake cha shule bila kusita, nami nikajiuliza tumefuata nini pale. Mwanachuo aliyeketi naye hakumpongeza. Alichukua karatasi, akafunika maneno yote ya ukurasa ule isipokuwa moja, "nywele", akamwomba alisome. Mtoto akakwama. Kumbe ukurasa alikuwa ameukariri: silabi "nye" na "nywe" hakuweza kuzitofautisha, na "ng'ombe" aliianza kama anavyoianza "ngoma". Mtaala wa mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu kuwa kiini cha madarasa mawili ya mwanzo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimsikiliza kila jioni, nikaridhika.

Ubora wa huduma hii umo katika jambo moja ambalo halionekani kwenye picha, nalo ni kwamba kila mwanachuo hupewa watoto watatu tu na hukaa na hao hao hadi mwisho wa muhula, akiandika kwenye kaunta buku silabi iliyomshinda kila mmoja ili wiki inayofuata aanzie hapo. Vitabu vingi wanavichapa wenyewe kutoka African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 ambao hadithi zake, zikiwemo za Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi na zinaruhusiwa kunakiliwa bure. Karatasi hukunjwa katikati, zikapigwa pini, na mtoto akaenda na kitabu nyumbani. Binti yangu sasa anavyo saba, na kimoja kina doa la mchuzi, dalili ambayo naiamini kuliko cheti. Sikuona faida ya boksi la vitabu vya msaada vya Kiingereza, vyenye watoto waliovaa makoti mazito wakicheza kwenye theluji.

Kasoro kubwa ni kalenda. Mitihani ya chuo ilipokaribia, wiki tatu zilipita bila mtu kufika wala kutoa taarifa, na Jumamosi ya kwanza kati ya hizo watoto walikaa barazani hadi saa tano wakisubiri. Mtoto anayejifunza kusoma hurudi nyuma haraka, na chama chenye wanachama wa miaka mbalimbali ya masomo kingeweza kupanga zamu.

Jambo jingine ni la wazazi wenyewe. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake katika kisomo cha watu wazima, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo, na nilimkumbuka nilipomwona mama mmoja amekaa dawati la nyuma na mtoto mgongoni, akifuatisha kwa kidole kitabu cha mwanawe huku midomo yake ikicheza. Hakuna aliyemkaribisha wala kumwuliza kama angependa kitabu chake. Nilipolitaja hilo kwa mratibu, alikiri kwamba hawakuwa wamewafikiria watu wazima, akaahidi kumtafutia mama yule mwanachuo wa mwaka wa tatu wa kusoma naye.

Binti yangu nimemwandikisha tena kwa muhula ujao, na safari hii nimechukua ratiba ya mitihani ya chuo pamoja na namba ya simu ya mratibu.